Chimbuko la msimbo wa jenetiki: nadharia ipi ina uzito zaidi?

Mdadisi: Wanajukwaa, salaam. Msimbo wa jenetiki ni jedwali linaloonyesha kila kodoni, yaani herufi tatu za RNA (nakala ya jeni, yenye herufi A, C, G na U), inaleta asidi amino ipi, yaani kipande kipi cha kujengea protini. Kodoni zote ni 64, nazo hutumika kwa asidi amino 20 na kwa alama tatu za kukomesha protini. Jedwali hilo, ukiondoa tofauti chache, husomwa vilevile na bakteria, mgomba na binadamu. Mwaka 1968 mwanabiolojia Francis Crick alieleza kwamba huenda lilitokea kwa bahati, kisha likaganda, kwa kuwa badiliko lolote lingevuruga protini nyingi kwa mkupuo. Wapo wanaosema kila asidi ilivutwa na kodoni zake kikemia, wapo wanaotaja historia ya utengenezaji wa asidi zenyewe, na wapo wanaodai jedwali lilichujwa ili kupunguza madhara ya makosa. Mnaegemea wapi?

Mama Maabara: Mimi naegemea mchujo. Tazama kodoni zenye U katikati: UUU ni fenilalanini, CUU ni lusini, AUU ni isolusini, GUU ni valini, na zote nne ni asidi zisizopenda maji. Herufi ya kwanza ikikosewa, protini hupata asidi inayokaribiana na iliyokusudiwa, na mara nyingi hujikunja kama kawaida. Mwaka 1998 watafiti Freeland na Hurst walilinganisha jedwali letu na mengine milioni moja yaliyopangwa kinasibu kwa kompyuta. Walipozingatia makosa yanayotokea mara nyingi zaidi, moja tu ndilo lililolishinda.

Mzee wa Ribosomu: Hesabu hiyo siipingi, dada yangu, napinga hitimisho. Mtafiti Wong, wa nadharia ile ya historia ya utengenezaji, alipendekeza mwaka 1975 kwamba asidi mpya zilimegewa kodoni za asidi zilizozizaa, na kama ni hivyo, ujirani wa zinazofanana ungetokea hata bila mchujo wowote. Dalili zake zingali hai: bakteria wengi hawana kimeng'enya cha kupachika glutamini moja kwa moja kwenye tRNA yake (molekuli inayobeba asidi hadi protini inapojengwa), bali hupachika glutamati, kisha huigeuza kuwa glutamini ikiwa pale pale. Kodoni za glutamati ni GAA na GAG. Za glutamini ni CAA na CAG, tofauti ikiwa herufi ya kwanza tu.

Mdadisi: Na kule kuganda, Mzee? Katika mitokondria zetu, vile vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati, kodoni UGA haikomeshi protini, inaleta triptofani.

Mzee wa Ribosomu: Jenomu (jumla ya jeni) ya mitokondria ya binadamu huzalisha protini 13 tu, kwa hiyo gharama ya kubadili ni ndogo. Kinachonisumbua zaidi ni kuvu *Candida albicans*, mwenye jenomu kamili, anayesoma CUG kama serini badala ya lusini.

Mama Maabara: Mvuto wa kikemia nao tusiutupe, ingawa ushahidi wake haulingani kwa asidi zote. Kwa arginini una nguvu, kwa sababu RNA zilizochaguliwa maabara kwa uwezo wa kuishika hubeba kodoni zake mahali penyewe pa kushikia. Tena, vimeng'enya vinavyopachika asidi kwenye tRNA leo ni protini, na hivyo haviwezi kuwa vilitangulia msimbo unaovitengeneza; lakini RNA zinazoweza kufanya upachikaji huo zimeshapatikana maabara.