Siti ya dereva ya Altezza imeisha kitambaa ubavuni: nishone upya au nihamie leza?

Gia Sita

Wakuu, heshima kwenu.

Nina Toyota Altezza RS200 ya 2001, gia sita za mkono. Niliinunua mwaka juzi kwa mtu hapa Dar ikiwa na kilomita 131,000, sasa inasoma 143,000. Injini haina neno, gia zinaingia vizuri, bodi sina malalamiko. Kinachoniumiza ni siti ya dereva.

Ule ubavu wa kulia, pale palipoinuka upande wa mlango, kitambaa kimekwisha. Mwaka jana kilikuwa kinang'aa tu, kama suruali ya shule iliyopigwa pasi mara nyingi. Nikapuuza. Baadaye nyuzi za juu zikaanza kukatika, ukipitisha kidole unahisi vinundu. Sasa kuna tundu la ukubwa wa sarafu ya mia mbili na sponji inachungulia. Jana nimefagia unga wa njano kwenye zulia chini ya siti.

Siti ya abiria haina hata alama. Ya nyuma ndiyo kabisa, kama imetoka kiwandani leo.

Fundi mmoja niliyempitia ameniambia kitambaa ni cha magari ya bei rahisi, nitoe zote niweke leza, ile inayoonekana kama ngozi, laki sita na nusu. Mke wangu anaunga mkono kwa sababu tuna mtoto wa miaka mitatu na leza inafutika. Mimi moyo unakataa. Zile siti ni sehemu ya lile gari, na kila nikikaa zinanishika vizuri. Lakini sitaki nishone leo, mwakani nirudi kwa fundi kwa tundu lile lile. Waliopitia hili naombeni mnishauri. Na kwa nini upande mmoja tu?

Mzee wa Kona

Kijana, usitoe kitambaa. Huyo aliyekwambia ni cha magari ya bei rahisi hajawahi kukata kona za mlima Kitonga na leza. Ukiingia kona mwili unateleza, unajikuta umeshikilia usukani ili usianguke badala ya kuuongoza. Kitambaa kinakushika mgongo na mapaja, mikono inabaki na kazi yake moja.

Wenye akili zao wamekiweka kwa makusudi. Honda walipotoa Integra Type R mwaka 1995 waliweka siti za Recaro za kitambaa. Golf GTI ya kwanza ya 1976 ilikuja na kitambaa cha mirabamiraba kilichobuniwa na mama mmoja pale Volkswagen, Gunhild Liljequist, na mpaka leo watu wanakitafuta kwa udi na uvumba. Hayo hayakuwa magari ya kubana senti kwenye siti.

Halafu hesabu jua letu. Uegeshe saa nane mchana Kariakoo, urudi na kaptula ukalie leza. Utanikumbuka.

Sindano na Uzi

Kazi yangu ni siti, mwaka wa 17 huu, kwa hiyo niruhusu niandike kirefu.

Ndugu uliyeanzisha uzi huu, kabla hujafikiria kitambaa, pima sponji. Weka kiganja juu ya ule ubavu, ukandamize kuelekea mlangoni. Halafu nenda kwenye siti ya abiria ufanye vivyo hivyo. Kama wako unalala chini, unarudi kwa uvivu, au unagusa chuma ndani, ugonjwa ulianzia huko. Sponji ikishuka kitambaa kinalegea, kikilegea kinapiga mkunjo, na kila ukishuka unausugua mkunjo ule ule, mahali pale pale. Unga wa njano uliofagia ni sponji iliyozeeka inayosagika. Ukibandika kitambaa kipya juu ya sponji hiyo, kweli mwakani utarudi.

Kuhusu upande mmoja: siti haiishi kwa kukaliwa, inaisha kwa kupandwa na kushukwa. Gari lako liko chini na ubavu umeinuka. Ukiingia unautua uzito wote juu yake kisha unateleza kwenda katikati. Ukitoka unaburuza paja juu yake tena. Mara sita kwa siku, mwaka mzima. Abiria wako anaingia mara mbili kwa wiki. Ongeza vifungo vya chuma vya mifuko ya jinzi, funguo na pochi ya mfuko wa nyuma. Magari mengi ninayopokea, nikitazama tundu nakuambia pochi inakaa mfuko gani.

Sasa kitambaa chenyewe. Cha kiwandani ukikigeuza utakuta nyuma yake kuna sponji nyembamba ya milimita chache imegandishwa, na nyuma ya sponji wavu mwepesi. Unene huo ndio unaofanya siti itune bila mikunjo na mshono uzame vizuri. Kitambaa cha sofa cha dukani hakina kitu hicho. Fundi akikishona kikavu hivyo hivyo, kitaanza kutembea juu ya sponji na nyuzi zitafunguka kwenye mshono. Ukilazimika kukitumia, dai kigandishwe sponji nyembamba kwanza, na kishonwe kwa uzi wa poliesta. Uzi wa pamba jasho na jua vinauozesha.

Lakini wewe huna haja ya kitambaa cha dukani. Tafuta Altezza iliyopata ajali au inayochinjwa kwa vipuri, nunua siti ya NYUMA yenye kitambaa kama chako. Siti za mbele zote utakazozikuta zimekwisha pale pale ulipokwisha wewe. Ya nyuma haikaliwi, kitambaa chake ni kizima, na inatoa vipande vikubwa vya kutosha ubavu wote. Pita Ilala na Gerezani, uliza taratibu.

Gia Sita

Fundi Sindano, Mungu akubariki. Nimetoka garini sasa hivi. Wa abiria unarudi kama mpira. Wangu unalala, na kwa ndani nasikia kabisa waya. Na pochi naweka mfuko wa nyuma kulia.

Swali: hiyo "leza" ya laki sita na nusu ni ngozi?

Sindano na Uzi

Kwa bei hiyo siti zote, si ngozi. Ni plastiki iliyogandishwa juu ya kitambaa. Sisemi ni mbaya, daladala zinaipenda na inafutika kweli. Ila jua likiipiga miaka kadhaa inakakamaa na kupasuka, na inaanzia kupasuka hapo hapo ubavuni. Tatizo lako litakuwa limevalishwa nguo nyingine.

Subie wa Ngong Road

Mimi niko Nairobi na Subaru STI ya 2004. Siti zangu katikati ni ile suedi ya kutengenezwa, si kitambaa cha kawaida. Wajapani walikuwa wakiiita Ecsaine, Ulaya inajulikana kama Alcantara, zote chimbuko lake ni kampuni ya Toray, na si ngozi ya mnyama hata kidogo: ni nyuzi laini sana za poliesta pamoja na poliyurethani.

Inashika mwili vizuri kuliko yote, lakini inadai heshima. Mafuta ya mwili na jasho yakikauka yanalaza vinyweleo, pale unapokalia panakuwa pagumu na kung'aa, watu wanadhani imekwisha. Mara nyingi ni uchafu tu. Mimi nachukua kitambaa cheupe, nakilowesha maji safi na kukikamua hadi kiwe na unyevu tu, nafuta mkondo mmoja, nasuuza, narudia mpaka kisitoke na rangi ya chai. Ikikauka napitisha brashi laini kuamsha vinyweleo. Usisugue kwa nguvu, vitajiviringisha kuwa vinundu, na hapo hakuna wa kukusaidia.

Mwenye uzi, jaribu hilo hata kwenye kitambaa chako sehemu zile zinazong'aa tu. Unaweza kushangaa.

Mjukuu wa Kisauni

Nami niwape la Mombasa, maana mimi nililipia somo hili. Gari langu nililipeleka kuoshwa ndani, vijana wakamimina sabuni ya unga na ndoo nzima ya maji kwenye siti, wakasugua kwa brashi ya kufulia nguo, wakanirudishia likinukia vizuri. Madirisha yamefungwa, joto la kwetu mnalijua. Siku ya tatu harufu ya tambara bichi. Wiki ya pili vidoa vya ukungu, na nilipobonyeza sponji maji bado yamo.

Fundi akaninasihi vizuri: kitambaa hukauka kwa saa chache, sponji siku kadhaa. Basi sasa naosha mwenyewe. Kwanza navuta vumbi kwa mashine kila wiki, mpaka kwenye mifereji ya mishono. Vumbi letu lina chembe za mchanga, zikizama kwenye nyuzi kila ukikaa zinakuwa msasa. Halafu povu tu la sabuni laini, maji nayaachia kwenye ndoo. Nafuta, navuta unyevu kwa mashine, milango wazi kivulini mpaka jioni. Sabuni ya unga isipotoka yote inakigandisha kitambaa na kuvuta uchafu upya. Na dawa ya madoa ya nguo nyeupe isikaribie siti.

Karatasi ya Mnada

Niongeze kwa wanaotaka kuagiza, maana mimi naagizia watu magari kutoka Japani. Mnaangalia daraja la gari, 4 au 3.5, mnasahau herufi ya ndani. Karatasi ya mnada huwa na herufi ya hali ya ndani pekee, A ikiwa safi sana na kushuka chini. Gari la 4 lenye ndani C lina hadithi.

Halafu mtafsiri wako asiruke maelezo ya mkaguzi. "Sure" ni msuguo, "yabure" ni kuchanika, "koge" ni kuungua, mara nyingi sigara. Ukiona neno la siti lenye "sure" kwenye gari la michezo, omba picha ya ubavu wa kulia wa dereva kwa karibu. Muuzaji akituma picha ya dashibodi mara tatu, jua ubavu hana wa kukuonyesha.

Mswahili wa Reading

Mimi niko Uingereza na Mazda MX-5, gari liko chini kuliko la mwenye uzi, na siti ni kitambaa. Liko kilomita zaidi ya 160,000 na ubavu bado mzima. Aliyeniuzia alikuwa mzee mmoja, akanionyesha namna ya kuingia kabla hajanipa funguo.

Kuingia: geuza mgongo, kaa moja kwa moja KATIKATI ya siti miguu ikiwa nje, ndipo uingize miguu yote miwili pamoja. Kutoka: sogeza siti nyuma, toa miguu yote miwili, weka mkono kwenye kizingiti cha mlango au fremu, inuka. Mwili uruke ubavu, usiuburuze. Wiki ya kwanza unasahau, ya pili mwili unazoea.

Gia Sita

Hii ya kukaa katikati nimeijaribu leo asubuhi. Inahitaji nafasi, kwenye maegesho ya kubanana mlango haufunguki vya kutosha. Lakini nimeelewa.

Je, kava za kuvalisha zinafaa wakati natafuta siti ya nyuma?

Sindano na Uzi

Angalia mgongo wa siti upande wa mlango. Ukiona lebo ya SRS AIRBAG, usivalishe kava inayofunika hapo. Puto la usalama linatokea kwenye mshono ule, kava nzito italizuia au kulipeleka kusiko. Na fundi akitaka kung'oa siti yenye puto, atoe kwanza waya wa betri na asubiri. Toyota wenyewe wanasema si chini ya sekunde 90 kabla ya kugusa plagi zile za njano chini ya siti. Mimi nasubiri dakika tano.

Kwa sasa weka kipande cha turubai laini au taulo nene juu ya ubavu, tundu lisikue. Pochi hamishia mfuko wa mbele.

Gia Sita

Wakuu, narudi na mrejesho baada ya wiki tano.

Siti ya nyuma niliipata Ilala kwenye gari lililogongwa mbele, elfu themanini baada ya kuvutana sana. Nilienda na kipande kidogo nilichokata chini ya siti yangu ili nilinganishe kwenye mwanga wa jua. Ya kwanza niliyoonyeshwa ilifanana dukani, nje ikawa na wekundu. Ya pili ndiyo.

Fundi alipofungua kitako, sponji ya ubavu ilikuwa imekatwa na waya kama mkate. Ameondoa sehemu iliyokufa, akajenga kwa sponji ngumu iliyogandishwa, akaichonga kwa kisu akilinganisha na siti ya abiria. Ule waya ameuvisha kitambaa kizito kabla ya kufunika. Kisha paneli moja tu ya ubavu imebadilishwa, mishono mingine haikuguswa, na pete za waya zinazovuta kitambaa amerudisha zote. Kazi laki moja na ishirini.

Kipya kimekolea kidogo kuliko cha zamani, unaona ukijua pa kuangalia. Mke wangu alikaa, akapapasa, akaniuliza ni upande gani umeshonwa. Kwa mtoto tumekubaliana taulo siti ya nyuma.

Kitambaa kilichobaki nimekikunja, nimekiweka kwenye mfuko mweusi ndani ya kabati, mbali na jua. Fundi Sindano, kinatosha ubavu mwingine mmoja na nusu. Mwenye Altezza ya rangi hii akikwama, aje tuzungumze.