Illinois: bajeti imepona kweli au tumepigwa changa la macho?

mlipa_kodi_Rockford
Heshima kwenu wakuu. Nipo Illinois, Marekani, tangu 2012. Kodi ya mapato ilikuwa asilimia 3.75 mwaka 2015, Julai 2017 ikaruka hadi 4.95 na haijashuka tena. Sasa tunaambiwa bajeti ni sawia (matumizi hayazidi mapato) miaka kadhaa mfululizo na mashirika yanayopima uwezo wa jimbo kulipa madeni yametupandisha daraja. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, yeye anasema jimbo lina pengo la pensheni, yaani mafao yaliyoahidiwa ambayo fedha zake hazijatengwa, la karibu dola bilioni 140. Nimwamini nani? Na katiba si inalazimisha bajeti iwe sawia? Nifafanulieni kama mtu asiyejua uhasibu.

daftari_la_zamani
Mkuu, waamini wote. Nilikuwa mhasibu wa kituo kidogo cha huduma za wazee kilichokuwa na mkataba na jimbo, kwa hiyo hesabu hizi nimezilalia njaa.

Katiba inasema matumizi yasizidi fedha *zinazokadiriwa* kupatikana. Makadirio ni ya wanasiasa. Tena mwaka wa fedha unaanza Julai 1: bili ya Mei ukiilipa Oktoba, mwaka ule unaonekana msafi. Katika miaka hiyo jimbo halikuhitaji kwenda benki kukopa. Lilikopa kwetu sisi tuliokuwa tunalidai, bila kutuomba.

Kuanzia Julai 2015 hadi Julai 2017 Gavana Bruce Rauner na Bunge walivutana, jimbo likakaa miaka 2 bila bajeti kamili. Mishahara ya watumishi iliendelea kutoka, na shule zilipata fedha zao. Vyuo vikuu vya umma na watoa huduma kama sisi ndio tulioachwa kwenye mataa. Nilikuwa na faili la bluu la ankara zisizolipwa. Mwishowe halikufungika, nikalikaza kwa kamba ya kiatu. Sheria inasema bili ikipita siku 90 jimbo linalipa riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Piga hesabu ya mwaka, halafu uitie kwenye malimbikizo yaliyofika dola bilioni 16.7 Novemba 2017. Riba ya ucheleweshaji tu ilipita dola bilioni 1, na hakuna hata darasa moja lililojengwa kwa fedha hizo.

Dawa ilikuwa chungu. Julai 6, 2017 Bunge liliipiku kura ya turufu ya gavana na kodi ikapanda, ndiyo hiyo unayoilalamikia. Baadaye mwaka huohuo jimbo likauza hati fungani za dola bilioni 6, kwa riba ndogo sana kuliko ile ya ucheleweshaji, asilimia 12 kwa mwaka, likatulipa. Deni lilibaki deni, ila la bei nafuu. Kisha ikaja korona na fedha za serikali ya shirikisho, dola bilioni 8 hivi mwaka 2021, na mapato ya kodi yakafurika kuliko ilivyotarajiwa. Bahati ilikuwepo, tusidanganyane. Ila safari hii walianza kwa kulipa bili.

hesabu_haina_huruma
Mnazunguka mbuyu. Punguzeni pensheni. Nyongeza ya asilimia 3 kila mwaka, juu ya nyongeza ya mwaka uliopita! Nani mwingine anapata hiyo?

daftari_la_zamani
Walijaribu, ndugu. Sheria ilipitishwa 2013. Mei 2015 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaitupa nje kwa kauli moja. Katiba ya 1970 inasema uanachama wa pensheni ni mkataba, na mafao yake hayapunguzwi. Kwenye hesabu sikupingi: pensheni ya dola 40,000, kwa asilimia 3 juu ya 3, inapita 81,000 baada ya miaka 24. Walioajiriwa kuanzia Januari 2011 hawana tena raha hiyo.

Lakini mwalimu alikatwa mchango wake kila mshahara. Aliyekuwa anaruka zamu ni jimbo. Mpango wa 1994 ulijipa miaka 50, mifuko ya pensheni iwe na asilimia 90 tu ya fedha inazohitaji ifikapo 2045, na malipo mazito yakasukumiwa watakaokuja. Hata ule mzigo mwepesi wa mwanzo uliwashinda: 2006 na 2007 wakapunguza michango.

mama_wa_Peoria
Na ile kodi ya kupanda kulingana na kipato? Tuliipigia kura Novemba 2020 ikaanguka. Mimi nilisema hapana, na mwaka huo nilikuwa nafanya kazi mbili. Sikukataa matajiri walipe. Nilikataa kumpa funguo mtu aliyekwisha kupoteza seti ya kwanza.

hesabu_haina_huruma
Hapo mama nakuunga mkono.

mlipa_kodi_Rockford
Asanteni. Mzee daftari, kwa hiyo mimi niangalie nini?

daftari_la_zamani
Hotuba ziache. Ingia tovuti ya mdhibiti wa fedha wa jimbo, tazama bili zisizolipwa ni kiasi gani. Hiyo ndiyo kipimajoto changu, naitazama kila Jumatatu kama wengine wanavyotazama matokeo ya mpira. Kisha akiba ya dharura: wakati wa mgogoro ilikombwa ikabaki makombo, sasa imepita dola bilioni 2. Kwa jimbo lenye ukubwa huu si nyingi, ni wiki chache tu za matumizi.

Mwisho mchango wa pensheni, unaokula karibu moja ya tano ya mfuko mkuu. Mwaka 2024 Gavana Pritzker alipendekeza lengo liwe asilimia 100 ifikapo 2048. Asilimia 100 naipenda. Ile miaka 3 ya nyongeza ndiyo inayonikosesha usingizi.