Tupeane uzoefu: umegongwa, gari limeharibika, mwenye kosa hapokei simu

Wakuu, Jumatano jioni nimegongwa kwa nyuma pale Ubungo nikiwa nimesimama kwenye foleni. Buti limejikunja, nalifunga kwa kamba ya katani. Mwenye Canter (lori dogo) lililonigonga aliomba tuyamalize kiume, akanipa namba ya simu. Leo hapokei. Bima yangu ndogo, ile inayolipa hasara za wengine tu. Kuna aliyewahi kulipwa? Wakili ana faida, au ndiyo hasara juu ya hasara?

Mwana wa Kihonda: Pole mkuu. Bima yako ndogo haikuhusu hapo, inayotakiwa kulipa ni ya huyo wa Canter. Mimi nilikubali laki na nusu palepale barabarani, nikasaini kikaratasi kwamba sina madai. Fundi kufungua bampa, chesisi imepinda. Milioni moja na laki mbili. Wakili alikisoma kile kikaratasi, akanirudishia bila hata kunidai hela ya ushauri.

Mama IST: Mimi nililipwa, ila miezi tisa. Trafiki alipima, akachora ramani, polisi wakalikagua gari, nikapata fomu yao ya ajali. Dereva alipelekwa mahakamani, akakiri, akapigwa faini. Nikadhani yameisha! Kampuni ya bima ikataka nakala ya hukumu, na mimi nilikuwa nimeshatengeneza gari bila wao kulikagua. Hapo ndipo nilipotafuta wakili. Barua moja tu ya madai, yenye picha za kabla ya matengenezo na risiti za vipuri, wakaanza kunipigia wenyewe. Wangegoma, tulikuwa tunaenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambako huhitaji wakili.

Jirani wa Nakuru: Huku Kenya mambo ni abstrakti ya polisi (hati ya kuonyesha ajali imeripotiwa) na ripoti ya mkadiriaji wa hasara. Hasara ikiwa haizidi shilingi milioni moja, unaenda Mahakama ya Madai Madogo. Nilijitetea mwenyewe dhidi ya mwenye matatu. Sheria inasema kesi iishe ndani ya siku 60, yangu ilipita kidogo.

Mzee wa Tandika: Msimdanganye kijana kwamba wakili hana kazi. Jambo dogo, andika barua mwenyewe. Lakini dereva akikana kosa, au kuna majeruhi, tafuta wakili mapema, na mpatane bei kabla hajafungua faili. Wa kwangu alitaka theluthi ya malipo, tukashushana. Halafu usilale: madai ya uzembe yana miaka mitatu tu.

Mama IST: Mleta mada, trafiki alifika lakini?

Mleta mada: Hakufika, dada. Ila nilipiga picha magari yakiwa bado yamegusana, namba ya gari lake inasomeka. Nimeiingiza sasa hivi kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, bima yake iko hai. Kesho saa mbili niko kituoni na gari langu, na kamba yake.