Gorila wenye vidole vilivyoungana: ni lazima kila umbo liwe na faida?

Mwanafunzi wa Kadutu

Jambo wote. Niko mwaka wa kwanza wa biolojia hapa Bukavu, mtihani unakaribia na kuna mahali nimekwama. Silabasi inasema viumbe hubadilika kwa mutesheni, yaani mabadiliko ya DNA, kwa uteuzi wa asili, na kwa jeni kuyumba kwa bahati. Uteuzi naelewa: mwenye umbo linalomfaa anazaa zaidi, basi umbo lake linaenea. Hiyo ya bahati ndiyo inanishinda. Nimesoma kwamba baadhi ya gorila wa mlima kule Virunga wana vidole vilivyoungana, na wengine wana makengeza. Mimi nasema vidole hivyo vinawasaidia, labda kwenye matope, maana visingekuwa na faida vingeshapotea. Mwenzangu anakataa, anasema ni bahati tu. Bahati inawezaje kubadilisha mnyama?

Muuguzi, Goma

Mdogo wangu, mimi niko upande wako. Kazini napokea watoto SS, wenye ugonjwa wa selimundu. Ni herufi moja tu ya DNA iliyobadilika kwenye jeni ya hemoglobini, na mtoto aliyeirithi kwa baba na kwa mama anateseka: mifupa inauma usiku kucha, damu inapungua, tunamwongezea. Ungedhani jeni ya namna hiyo ingekuwa imekwisha zamani. Lakini aliyeirithi kwa mzazi mmoja, yule AS, malaria kali haimwangushi kirahisi, ndiyo maana bado ipo huku kwetu. Kitu kibaya kikidumu, kina sababu. Hao gorila nao wana yao.

Mwalimu wa biolojia, Nguba

Mama muuguzi, ulivyoeleza SS ni sawasawa kabisa. Ila usiivalishe kila umbo. Ya SS ina ushahidi: jeni hiyo imeenea hasa mahali ambapo malaria imekaa karne nyingi, na kinga ya AS imepimwa. Kwa vidole vya gorila hakuna aliyeonyesha faida yoyote. Watafiti wanavihusisha na ndugu wa karibu kuzaliana.

Mwanangu, anza na mutesheni yenyewe. Kila mtoto wa binadamu anazaliwa na kama mabadiliko 60 au 70 ya DNA ambayo wazazi wake hawakurithi kwa yeyote. Mengi hutoka upande wa baba, na kadiri baba anavyozeeka ndivyo yanavyoongezeka. Hayaji kwa kuitwa. Matope hayaleti mutesheni ya vidole, wala malaria haikuileta ile ya SS, iliikuta ipo. Na sehemu kubwa ya mabadiliko haya hayadhuru wala hayasaidii.

Sasa fuata moja la aina hiyo, lisilo na faida wala hasara. Gorila jike analo kwenye nakala moja kati ya mbili za jeni yake, kwa hiyo kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kulipata. Akizaa watoto watatu, kuna nafasi moja kati ya nane kwamba wote watalikosa, na hapo limekwisha. Likipona kwa watoto, linakutana na mtego uleule kwa wajukuu. Ndiyo maana mutesheni nyingi hupotea mapema. Chache huponea kila kizazi mpaka kila mnyama anazo, bila kumsaidia yeyote. Katika kundi la wanyama 500 wanaozaliana sawa, mutesheni mpya ya aina hii ina nafasi 1 kati ya 1,000 ya kufika huko. Katika kundi la 50, ni 1 kati ya 100. Mjapani Motoo Kimura alitetea mwaka 1968 kwamba sehemu kubwa ya mageuko ndani ya molekuli imepita njia hii.

Kama hesabu haikutoshi, chukua maharagwe leo jioni. Weka mekundu matano na meupe matano mfukoni. Funga macho, toa moja, andika rangi, lirudishe, tikisa. Fanya hivyo mara kumi. Mekundu matano kamili utayapata kama mara moja tu kwa nne. Tuseme umeandika mekundu saba: mfuko wa kizazi kijacho unaujaza mekundu saba na meupe matatu, halafu unaanza upya. Rangi itapanda, itashuka, na siku moja itabaki moja peke yake. Rangi haikusaidia harage lolote kuchaguliwa, macho yalikuwa yamefumbwa. Ungeanza na maharagwe elfu, ungechoka wewe kabla rangi haijasogea sana. Hapo ndipo penye jibu la swali lako: bahati ina nguvu kundi likiwa dogo.

Peter Buri alifanya hivyo kwa nzi wa matunda, akachapisha mwaka 1956. Makundi 107, kila moja madume 8 na majike 8, aina mbili za jeni ya rangi ya macho zikianza nusu kwa nusu. Baada ya vizazi 19, aina moja ilikuwa imepotea kabisa katika makundi 30, na katika mengine 28 ilikuwa imebaki peke yake. Nzi walewale, chakula kilekile.

Rudi sasa Virunga. Sensa ya 1981 ilikuta gorila 254 kwenye milima ile yote, upande wetu, Rwanda na Uganda. DNA yao iliyosomwa na kutangazwa mwaka 2015 ilionyesha kwamba kwa karibu theluthi moja, nakala ya baba na ya mama ni sawa, na kwamba wamekuwa wachache kwa maelfu ya miaka. Kasoro iliyojificha kwenye nakala moja inakutana na mwenzake. Kundi likiwa dogo hivyo, uteuzi hauwezi kuondoa kila kasoro ndogo, bahati inazibeba. Zile kali sana ndizo zimepungua, kwa sababu waliozipata mara mbili hawakuishi wakazaa.

Linaloniuma mimi ni gorila wetu wa Grauer, wa hapa Kahuzi-Biega na misitu ya jirani. Mwaka 2019 watafiti walilinganisha mifupa na ngozi za zamani zilizohifadhiwa makumbusho na wanyama wa leo. Wa mlima hawakubadilika sana, hasara yao ni ya kale. Wa Grauer wamepoteza utofauti wa jeni ndani ya karne moja, na mutesheni zenye madhara zimeongezeka. Tunafurahi idadi ikipanda, na tufurahi: Virunga walifika 604 katika sensa ya 2016. Lakini aina ya jeni iliyopotea hairudi kwa kuzaana. Inasubiri mutesheni nyingine, na hiyo haina haraka na mtu.

Mwanafunzi wa Kadutu

Aksanti sana Mwalimu. Maharagwe nimeyafanya, meupe yamekwisha. Na sambaza, wale samaki wadogo, je? Wanasema waliletwa ziwani Kivu kutoka Tanganyika, na wa huku ni wadogo kuliko wa kule. Naweza kuwaandika kama mfano?

Mwalimu wa biolojia, Nguba

Waandike, kwa tahadhari. Kweli waliletwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na aina mbili ziliwekwa majini, ikashika moja. Samaki wachache wanaoanzisha kizazi kipya wanabeba sehemu tu ya jeni za walikotoka, na hiyo nayo ni bahati. Ila udogo usiuhesabu moja kwa moja kuwa wa jeni. Ziwa Kivu na Tanganyika hazilishi samaki sawa, na samaki asiyeshiba hakui. Kutenganisha mawili hayo, ungechukua mayai ya pande zote, ukayalea kwenye maji mamoja kwa chakula kimoja, ukapima. Wakibaki tofauti, ndipo uzungumze jeni. Na hata hapo hujajua bado kama ni bahati au uteuzi, hilo ni swali la pili.