Mitaro ya mtaa, tunaanzaje wenyewe?

Wakuu, kwetu huku Dar mvua ikinyesha maji yanaingia hadi sebuleni, tumechoka kusubiri, watu wako tayari kuchanga na kuchimba, tuanzie wapi?

— Mkuu, Hananasif pale Kinondoni walifanya miaka ya 90, wakazi ndo walichimba mitaro na kutengeneza barabara kwa mikono yao na wakalipwa ujira, kina mama wakiwemo, wataalamu wa Chuo cha Ardhi wakasaidia. Inawezekana kabisa!

— Ila pimeni mteremko kwanza, la sivyo mnamhamishia mafuriko jirani wa bondeni.

— Kwetu tulijenga kwa moyo, mwaka wa pili mtaro umejaa taka, hakuna aliyepangiwa zamu. Iliniuma sana. Zamu zipangwe kabla hamjashika majembe.