Nataka kuachana na betri za kutupa, nianzie wapi?

MamaPacha:
Habari wakuu. Nina watoto wawili na midoli ya kila aina, mingine inakimbia, mingine inapiga kelele. Betri za AA naweka leo, keshokutwa zimekwisha. Droo imejaa, hata sijui ipi nzima ipi mbovu. Nafikiria kuhamia za kuchaji, ila naona zimeandikwa volti 1.2 na za kawaida ni 1.5. Vifaa si vitalegea? Halafu mwaka juzi nilijaribu, nikazitia kwenye rimoti na saa ya ukutani, miezi michache tu chali. Nikaona nimeliwa.

FundiRedio:
Hiyo 1.5 isikutishe dada. Alkali, yaani hiyo ya kawaida ya kutupa, huanza na 1.5 ikiwa mpya, halafu inashuka kadiri inavyotumika, na kabla haijaisha huwa imeshapita chini ya 1.2. Ya NiMH, yaani hiyo ya kuchaji, inakaa karibu na 1.2 muda mrefu, kisha inaanguka ghafla. Gari la mtoto litakimbia vilevile, pengine zaidi, maana NiMH haichoki haraka kwenye kifaa kinachovuta umeme mwingi. Utakachoona ni kifaa kukwambia chaji iko nusu wakati betri umeitoa kwenye chaja sasa hivi. Kinapima kwa kipimo cha alkali, kipuuze.

Mwaka juzi ulikosea kifaa. Saa inalamba umeme kidogo sana, na NiMH za zamani zinapoteza chaji zenyewe hata zikiwa kabatini. Kwenye saa na rimoti acha alkali. Kwingine tafuta zinazouzwa zikiwa na chaji tayari. Sanyo walizitoa mwaka 2005 kwa jina la Eneloop, sasa watengenezaji wengi wanazo, na zinatunza sehemu kubwa ya chaji hata baada ya mwaka.

KichwaNgumu:
Na usidanganywe na namba ya mAh, yaani kiasi cha chaji betri inachobeba. AA ya NiMH ya kweli ni mAh 2000 hadi 2500 hivi. Ukikuta 4000, hapo unauziwa lebo.

Mzee_wa_Tochi:
Hakuna aliyegusa chaja, na ndiko pesa yangu ilikoteketea. Nilikuwa na ile inayochaji mbilimbili kwa kuhesabu saa. Ukiweka moja tupu na nyingine nusu, ile nusu inapikwa. Nimeua seti nzima hivyo. Chukua inayosoma kila betri peke yake na kujikata ikijaa.

MamaPacha:
Asanteni. Jirani anasema hata hizi za kawaida za kwenye droo zinachajika. Na zile za litiamu zenye tundu la USB je?

FundiRedio:
Jirani aache mchezo. Alkali ya kutupa ukiichaji inajaa gesi, inavuja, inaweza hata kupasuka. Za litiamu zinatoa 1.5 mpaka mwisho kisha zinazima bila taarifa. Zinafaa kifaa kinachogoma 1.2, ila usizitie kamwe kwenye chaja ya NiMH.

MamaPacha:
Basi nachukua nane na chaja ya matundu manne. Nne kazini, nne zinachajiwa.

Mzee_wa_Tochi:
Kila nne zitie alama ya kalamu, zisichanganyike.

MamaPacha:
Kalamu nazo wanazificha haohao wenye magari.