Kitochi cha M-Pesa, simu janja au pochi ya mifuko kwa mdogo wangu?

MtuWaMajengo: Wakuu, mdogo wangu ana ulemavu wa akili, ameanza kulipwa soko la Kiboriloni. Nimchukulie kitochi cha M-Pesa, simu janja, au pochi inatosha? Nanunua Jumamosi.

mwl_pasua: Ndugu, umeficha ya muhimu. Anasoma? Anahesabu hadi ngapi? Analipwa kwa siku au kwa mwezi?

FundiNgarenaro: Kitochi. Chaji inakaa siku kadhaa, na fedha haidondoki njiani.

mwl_pasua: Fundi, menyu ya *150*00# ni maandishi matupu, na ukichelewa inajifunga. Asiyesoma ataishia kumpa mtu simu. Anza na pochi na noti za elfu moja tu, zile za bluu. Bei ikiwa 3,400, ahesabu elfu tatu kwa sauti, aongeze noti moja, asubiri chenji. Akijua kuhesabu hadi kumi, ananunua unga mwenyewe. Noti ya tembo, ile ya elfu kumi, ibaki nyumbani, maana hapo ndipo chenji inapopunjwa. Sarafu zitolewe kila Jumapili, la sivyo pochi inajaa anachanganyikiwa.

dada_sakina: Kumpa mtu simu ndiko kubaya. Hapa Arusha kijana alimtajia wakala namba ya siri amtolee 5,000. Ilitoka 15,000, akakabidhiwa 5,000. Meseji ilikuja, hakuweza kuisoma. Ikawa hivyo miezi miwili, mpaka ndugu walipochukua taarifa ya miamala. Akiba kubwa ikae laini nyingine, ya simu ibaki na fedha ya wiki tu.

FundiNgarenaro: Basi simu janja, inamsomea meseji kwa sauti.

dada_sakina: Ijaribu kwanza dukani kwa Kiswahili. Sauti ya Kiingereza ikisoma "umepokea" hataambulia kitu. Na laini isajiliwe kwa NIDA yake, si yako. Fedha ni jasho lake.

FundiNgarenaro: NIDA yake ikichelewa je? Afanye kazi bila laini?

mwl_pasua: Ndiyo maana nasema pochi. Mleta mada, jibu basi.

MtuWaMajengo: Samahani, nilikuwa kazini. Hasomi, anahesabu hadi kumi na mbili. Analipwa kila jioni. NIDA anayo.

dada_sakina: Kila jioni! Anapewa noti gani? Mwombe mwajiri ampe za elfu moja.

FundiNgarenaro: Hiyo pochi mnashonesha wapi? Zipu za soko la Kilombero zinakatika upesi.